Mito ya Udzungwa: Mgeni Aonyeshwe Nini?

Mgeni anayefika Mang'ula katika mwezi wa Septemba huikuta nchi ya bonde la Kilombero imekauka. Mvua kubwa zimekwisha tangu mwezi wa Mei, majani ya kando ya barabara yamegeuka rangi ya udongo, na moshi wa mashamba yanayosafishwa umetanda kwa mbali. Lakini upande wa magharibi mlima umesimama kama ukuta wa kijani, na kutoka katika ukuta huo maji yanashuka. Akiongozwa kupanda njia ya msituni kutokea kijiji cha Sanje, baada ya mwendo wa kutoa jasho atasikia ngurumo kabla ya kuona kitu. Kisha miti itafunguka mbele yake, naye atauona mto wa Sanje ukianguka gengeni, mahali ambapo maporomoko yake makubwa yana kimo cha takriban meta 170. Atasimama, atapiga picha, na pengine ataoga katika kidimbwi kilicho chini ya mwamba. Halafu atauliza swali ambalo karibu kila mgeni huliuliza: je, maporomoko haya yana urefu gani? Naye atajibiwa mara moja, kwa kuwa jibu la swali hilo linajulikana.

Swali hilo si baya, lakini liko swali jingine lililo kubwa zaidi, ambalo ni nadra kuulizwa: ikiwa mvua imekatika miezi minne iliyopita, maji haya yanatoka wapi? Na yakiwa yapo leo, ni mengi kama yalivyokuwa kiangazi cha mwaka jana, au yamepungua?

Mito ya milima yenye misitu ina mvuto wa pekee kwa wageni, na ni haki wageni waitwe waje kuiona. Hata hivyo, uzuri wa mito hiyo haumo katika kimo cha maporomoko. Umo katika kudumu kwake wakati wa kiangazi, na sifa hiyo haionekani kwa macho wala haipigiki picha; hujulikana kwa kupima tu. Nchi inayowaita wageni waje kuitazama mito yake bila ya kuipima inauza kitu isichokijua kiasi chake, na kitu hicho chaweza kutoweka pasipo mtu yeyote kufahamu kilianza kupungua lini.

Jinsi mlima unavyotunza mvua

Milima ya Udzungwa ndiyo ncha ya kusini ya safu ndefu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, ambayo huanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru. Milima hii si ndugu wa Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, nao ni mchanga sana kwa hesabu ya umri wa dunia. Udzungwa na ndugu zake ni miamba kongwe ya asili iliyoinuliwa kwa nyufa kubwa za ardhi, kisha ikachongwa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Kilele chake cha juu kabisa kinazidi meta 2,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali bonde lililo miguuni pake halifiki hata meta 400.

Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoita mvua. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika ukiwa umejaa unyevu. Ukiukuta mlima umezuia njia hulazimika kupanda. Unapopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuubeba unyevu wote iliyokuwa nao. Hapo mawingu hutanda na mvua hunyesha. Miteremko inayotazama mashariki yaweza kupata milimita 2,000 za mvua kwa mwaka au zaidi, na nyuma ya mlima, upande wa Iringa, nchi ni kavu kwa sababu upepo unafika huko ukiwa umekwisha kukamuliwa.

Lakini mvua si mto. Mvua ya saa mbili ikinyesha juu ya bati hutiririka yote na kwisha saa hiyo hiyo. Ikinyesha juu ya mteremko wenye msitu wa asili, safari yake huwa tofauti. Matone hupokelewa kwanza na majani ya miti mirefu, kisha na ya miti mifupi, kisha na vichaka, hata yafikapo chini nguvu yake ya kuchimba udongo imekwisha. Juu ya udongo yapo majani makavu yaliyooza nusu, ambayo hunyonya maji kama sifongo. Chini yake mizizi hai na mizizi iliyokufa, pamoja na minyoo, mchwa na wadudu wengine, imetoboa vijia visivyohesabika. Maji huingia katika vijia hivyo, hupenya udongo na nyufa za mwamba, na huko husafiri polepole sana. Tone lililoanguka mwezi wa Machi laweza kutokea katika chemchemi mwezi wa Septemba. Kwa hiyo anachokiona mgeni kiangazi si maji ya leo, bali ni akiba ya masika iliyotolewa kidogo kidogo.

Msitu huu una hazina nyingine pia. Hapa ni mahali pachache katika Afrika Mashariki ambapo msitu umeendelea bila kukatika tangu nchi ya chini hadi milimani juu. Mwaka 1979 wataalamu walimgundua hapa kima ambaye alikuwa hajulikani katika sayansi, akapewa jina la mto na kijiji, yaani mangabei wa Sanje. Mwaka 1991 aligunduliwa kwale wa Udzungwa, na mwaka 2008 alitangazwa sange mkubwa ambaye hapatikani popote nje ya misitu hii. Mwaka 1992 sehemu ya milima, yenye kilometa za mraba 1,990, ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Viumbe hao wote, pamoja na wakulima walio bondeni, wanategemea jambo moja: unyevu usiokatika.

Msitu hauumbi maji

Hapa hapana budi kusahihisha usemi unaopendwa sana katika hotuba, kwamba miti huleta maji. Usemi huo una nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikisemwa na mtu wa sayansi hudhuru kuliko uongo kamili. Mti ni kiumbe hai. Hunywa maji kwa mizizi na kuyarudisha hewani kwa majani. Msitu kwa kawaida hutumia maji mengi kuliko nyasi au shamba la mahindi.

Nchi hii ina ushahidi wake yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, watafiti walipima vijito viwili katika milima ya Mbeya. Kimoja kilitoka katika mteremko wenye msitu wa asili, na cha pili kilitoka katika mteremko uliolimwa na wakulima. Wengi walitazamia kwamba kijito cha shambani kingekauka kiangazi. Haikuwa hivyo. Kijito cha shambani kilitoa maji mengi kuliko cha msituni, hata wakati wa kiangazi. Sababu ilikuwa udongo: milima ile imefunikwa na majivu ya volkano yenye vinyweleo vingi, ambayo yaliendelea kuyameza maji ya mvua hata baada ya msitu kuondolewa.

Je, matokeo hayo yanatoa ruhusa ya kufyeka misitu ya Udzungwa? La, hasha. Udongo wa Udzungwa si majivu ya volkano. Umetokana na miamba kongwe, na juu ya genge ni mwembamba. Ukiondolewa msitu ulioushika, waweza kushuka pamoja na mvua ya kwanza iliyo kubwa, na udongo ukishaondoka hakuna tena ghala la kuwekea akiba ya masika. Fundisho la Mbeya ni hili: kila mlima una tabia yake, na tabia hiyo haijulikani kwa hotuba bali kwa kipimo. Watafiti wa Mbeya wasingepima, hata leo watu wangekuwa wanabishana kwa imani tupu.

Mto mmoja na mikono mingi

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Mto Ruaha Mkuu hupita kaskazini mwa Udzungwa ukielekea Kidatu. Maji yake ya juu hutoka katika nyanda za juu zinazoizunguka tambarare ya Usangu, yakapita katika ardhi oevu ya Ihefu kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ulianza kusimama wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko wakasongamana katika madimbwi yaliyobaki. Mlima haukuwa umeacha kutoa maji. Maji yalikuwa yakichukuliwa njiani, hasa na mifereji ya mashamba ya mpunga ambayo mingi haikufungwa hata pale mpunga ulipokuwa umekwisha kuvunwa.

Mtalii aliyefika Ruaha kuona mto akakuta mchanga hakudhurika sana, alirudi kwao. Waliodhurika ni wengine. Maji ya mto huo hujaza bwawa la Mtera, na baada ya Mtera huendesha mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, ambayo ilianza kufua umeme mwaka 1975. Mwaka 2006, ukame ulipozidi na mabwawa yakapungua, miji ilikaa gizani kwa zamu. Mgeni na mwananchi walikuwa wakikitaka kitu kile kile, nacho ni mto unaotiririka Oktoba.

Jambo hilo lina uzito zaidi leo. Mito inayoshuka upande wa mashariki wa Udzungwa huingia Kilombero, na mto Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Katika Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, na mashine yake ya kwanza ilianza kufua umeme mwaka 2024. Vijito ambavyo mgeni huviona kuwa mahali pazuri pa kuoga ni vyanzo vya umeme wa Taifa zima.

Somo la Kihansi

Kusini zaidi katika milima hiyo hiyo uko mto Kihansi. Kabla ya mwisho wa karne iliyopita ulishuka katika korongo refu kwa maporomoko yenye nguvu, na mahali maji yalipogonga mwamba yalirusha manyunyu usiku na mchana. Manyunyu hayo yalilowesha vipande vichache vya ardhi vyenye nyasi na kuvumwani, ambavyo vyote pamoja havikuwa zaidi ya hekta chache. Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza kujengwa, watafiti walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hata akikomaa hafiki sentimeta 3. Chura huyo hatagi mayai yakawa viluwiluwi kama wengine. Huzaa watoto walio vyura kamili. Hajawahi kuonekana mahali pengine popote duniani.

Mitambo ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ilifunguliwa rasmi mwaka 2000. Maji yalipogeuzwa njia kuingia katika handaki, yale yaliyobaki korongoni yalikuwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya yale ya zamani. Manyunyu yakakoma. Mwaka huo huo vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani wakatunzwe huko, na mabomba yakatandikwa korongoni ili kutengeneza manyunyu ya bandia. Kwa muda vyura walionekana kupata nafuu, lakini mwaka 2003 walikufa kwa wingi kwa ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulionekana kuwa umehusika. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya wale waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa korongoni, mahali ambapo wanaishi kwa kutegemea mabomba.

Wananchi wengi walicheka walipokuwa wakisikia habari za fedha zilizotumika kwa ajili ya chura. Kicheko hicho chafahamika, maana nchi ilihitaji umeme na bado inauhitaji. Lakini kilichopotea Kihansi hakikuwa chura peke yake. Kilichopotea ni nafasi ya kuamua kwa kujua. Korongo halikuwa limechunguzwa vya kutosha kabla ya uamuzi wa kuyageuza maji. Viumbe waliomo viligunduliwa wakati saruji ilikuwa imekwisha kumwagwa. Laiti pangekuwa na maarifa ya miaka 10 kabla ya hapo, huenda kiasi cha maji ya kuachiwa korongo kingejadiliwa mapema na kwa gharama ndogo. Maji yakimwagika hayazoleki, na wakati nao ni vivyo hivyo.

Mgeni na mwenyeji

Hapa ndipo utalii unapoingia, nao unaingia ukiwa na pande mbili. Upande wa kheri ni kwamba mgeni humpa mto thamani ukiwa pale pale ulipo, bila ya kuhamishwa, bila ya kukatwa na bila ya kuingizwa katika bomba. Miezi ambayo wageni wengi huja nchini, yaani Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya kiangazi. Mgeni hataki kuona mto wa tope. Anataka maji meupe yanayotiririka wakati nchi ya chini ni kavu. Mahitaji yake, mahitaji ya mkulima na mahitaji ya mitambo ya umeme yanakubaliana kuliko inavyodhaniwa.

Upande wa pili hauna budi kusemwa waziwazi. Mgeni hukanyaga njia hata ikawa mfereji wa mmomonyoko. Huoga kwa sabuni katika maji ambayo kijiji kitayanywa saa chache baadaye. Viatu vyake vyaweza kubeba vimelea kutoka nchi moja hadi nyingine, na katika makorongo yenye vyura adimu hilo si jambo dogo. Tena, kuwepo kwa hifadhi kumekuwa na gharama kwa wenyeji. Kwa miaka mingi watu wa vijiji vilivyo chini ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia katika siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Yapo maelezo ya kitaalamu ya kuikomesha, maana miti iliyolala nayo ni sehemu ya ghala la maji na makao ya viumbe. Lakini mama anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni anamwona mgeni akipita njia ile ile aliyofungiwa yeye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, basi mwaliko huo una kasoro, na msitu unaochukiwa na majirani zake hautadumu hata ukiwekewa askari wengi kiasi gani.

Daftari la mto

Nini basi kifanyike? Pendekezo lililopo hapa ni dogo, halihitaji mashine za kigeni, nalo laweza kuanza kiangazi kijacho. Kila maporomoko yanayofunguliwa kwa wageni yawekewe kipimo cha maji. Ubao wenye alama za sentimeta usimikwe mahali palipotulia chini ya maporomoko. Kijana wa kijiji jirani ausome kila siku asubuhi na kuandika katika daftari. Alipwe ujira wake kutokana na sehemu ya kiingilio cha wageni. Na tarakimu za siku hiyo, pamoja na za tarehe hiyo hiyo katika miaka iliyopita, ziandikwe kwenye ubao mkubwa langoni, mgeni na mwanakijiji wazione.

Hesabu yenyewe yaweza kufundishwa katika shule ya sekondari. Tuseme kijito kina upana wa meta 5 na kina cha wastani cha meta 0.4. Eneo la mkato wake ni meta za mraba 2. Chungwa likitupwa majini na kuchukuliwa meta 12 kwa sekunde 20, kasi ya juu ya maji ni meta 0.6 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kasi hiyo huzidishwa kwa 0.85, na kupatikana takriban meta 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la mkato, jibu ni meta moja ya ujazo, au lita 1,000, kwa kila sekunde. Kwa siku nzima hizo ni lita 86,400,000. Ikiwa mtu mmoja atatumia lita 50 kwa siku, kijito ambacho mgeni alikivuka kwa kuruka mawe chaweza kuwatosha watu zaidi ya milioni moja na laki saba. Upimaji ukirudiwa maji yakiwa ya vina mbalimbali, hupatikana jedwali, na baada ya hapo kusoma ubao peke yake kunatosha kujua kiasi cha maji.

Mgeni aliyeelezwa hivyo hataondoka na picha tu. Ataondoka na maana. Na mwanafunzi wa Mang'ula au Kidatu aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake atakuwa amejifunza elimu ya maji katika mto wa kwao, si katika kitabu kinachozungumzia mito ya Ulaya.

Yapo mapingamizi matatu ambayo yafaa yajibiwe. La kwanza ni kwamba kupima mito ni kazi ya Serikali, kupitia Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Ni kweli, na vituo vikubwa lazima vibaki mikononi mwa wataalamu hao. Lakini mito mikubwa hujulikana kwa vituo vichache, na vijito vya milimani ni vingi mno kuweza kufikiwa na ofisi moja. Daftari la kijiji litakuwa msaidizi wa bodi, si mpinzani wake. La pili ni kwamba kipimo kinachosomwa na mtu asiye mtaalamu kitakuwa na makosa. Kitakuwa nayo, lakini makosa ya kusoma ubao huweza kukaguliwa na kusahihishwa. Siku ambayo hakuna aliyesoma haisahihishiki milele. La tatu ni kwamba fedha za wageni wa Udzungwa ni chache zikilinganishwa na za Serengeti. Hiyo ni kweli pia, lakini gharama ya ubao, daftari na ujira wa kijana mmoja si kubwa, na faida yake hailipwi na mgeni peke yake. Shamba la miwa, mtambo wa umeme na mji unaokunywa maji hayo nao wana wajibu wa kuchangia.

Wafanyabiashara wa pwani wana msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hakuna mali ya nchi hii inayoonyesha ukweli wa msemo huo kuliko mito ya milimani. Mto haufi siku moja. Hupungua sentimeta moja mwaka huu, nusu ya sentimeta mwaka ujao, masika huficha upungufu huo kwa mafuriko, na mgeni anayefika mara moja katika maisha yake hana la kulinganisha. Mwenyeji ndiye pekee anayekuwepo kila mwaka, naye ndiye anayestahili kukabidhiwa kalamu.

Siku moja mgeni atasimama tena chini ya maporomoko ya Sanje katika mwezi wa Septemba na kuuliza urefu wake. Kiongozi wake amjibu, kama ilivyo ada. Kisha amwonyeshe ubao uliosimikwa majini, amsomee alama ya asubuhi hiyo, na amwambie mto ulikuwa wapi tarehe kama hiyo mwaka uliotangulia. Ikiwa alama haijashuka, wote wawili watakuwa na sababu ya kufurahi. Ikiwa imeshuka, itakuwa imejulikana wakati bado lipo la kufanya.